Nani Kang'oa Vigingi?

Kabla ya kufyeka shamba lolote, yule mama dereva wa trekta hulitembea kwanza kwa miguu. Fimbo mkononi, furushi la vigingi kwapani, anapapasa nyasi hatua kwa hatua. Penye jiwe, kisiki au shimo anachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. Wenzake wa karakana wakambandika jina, Mama Kigingi, na kumcheka wakamcheka: "Shamba la saa tatu, yeye siku mbili!" Wacheke tu. Miaka ishirini na miwili kwenye usukani hajavunja kisu cha kufyekea wala mguu wa mtu. Baba yake, aliyemfundisha kazi, alilaliwa na trekta kwenye mtaro uliofichwa na majani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Juzi alilitembea shamba la nyuma ya ghala, lililoachwa miaka sita mpaka nyasi zikamfika kifuani. Katikati akakuta kisima cha zamani, hakina mfuniko. Akakizungushia vigingi vinne. Kesho yake asubuhi anafika kazini, lahaula! Vigingi vyote vimerundikwa mlangoni pa ofisi kama kuni.

"Nani kang'oa?"

"Mimi," akajibu msimamizi, viatu vinang'aa. "Wageni wanakuja kuliona shamba saa sita. Hivyo vitambaa vyako vinatutia aibu. Mdogo wako keshaanza kufyeka, maana wewe una mambo mengi."

Mdogo wake! Dereva mwenzake, wamenyonya ziwa moja. Aibu ya vitambaa, na roho ya mtu je? Na kweli, injini ilikuwa inanguruma huko nyuma.

Mama Kigingi alikimbia na umri wake wote. Hakumfuata mdogo wake kwa nyuma, maana visu vile hurusha mawe kama risasi. Alizunguka kwa mbali, akatokeza mbele yake akipunga mikono na kupiga kelele hadi sauti ikapasuka. Injini ikazimwa. Visu vikasimama.

"Dada, kuna nini tena?"

Akaokota jiwe, akalitupa kwenye nyasi, hatua tatu tu mbele ya gurudumu. Kimya. Kisha, chini kabisa: chubwi!

Mdogo wake akashuka kwenye trekta, akaketi chini.

"Mbona mmesimama?" msimamizi akapaza sauti kutoka ukingoni mwa shamba. "Muda unakwenda!"

Hapo hasira zikampanda mama wa watu. Akamwendea.

"Bosi, mtoto wa mama yangu nusura umzike leo. Haya, njoo tukalichukue trekta. Si kuendesha, kutembea tu. Tangulia humo nyasini ulimong'oa vigingi, mimi niko nyuma yako."

Msimamizi akazitazama zile nyasi. Hakunyanyua hata mguu.