Shilingi Tano ya Shangazi

Mimi ni fundi saa, Moshi mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya sarafu za ukumbusho. Niliyoitafuta kuliko zote ni shilingi tano ya pembe kumi, iliyotolewa nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Upande mmoja ina kichwa cha rais wa kwanza, upande wa pili mazao na ng'ombe, maana enzi hizo nchi nyingi zilitoa sarafu za kuhimiza kilimo cha chakula.

Nilikuja kuiona Kibosho, shingoni mwa shangazi yangu. Nilikwenda kumjulia hali baada ya kumzika mumewe, nikamkuta anamkatia ng'ombe mgomba. Alipoinama, sarafu ikachomoka ndani ya gauni, ikaning'inia kwenye uzi mweusi.

"Shikamoo shangazi. Hiyo umeipata wapi?"

"Marahaba. Alinipa baba."

Babu yangu alirudi nayo siku aliyouza kahawa, akaitoboa kwa msumari ili isije ikatumika kununulia chumvi, akamvisha binti yake aliyekuwa akiugua kila mara.

"Nikapona," alisema shangazi. "Kama ni sarafu au dawa za misheni, sijui."

Wakusanyaji hawazitaki sarafu zenye tundu. Mimi niliitamani hivyo hivyo. Nikamwomba tubadilishane, nimletee mkufu mzuri.

"Hapana, mwanangu."

Sikumbembeleza. Nilitoa mfukoni kioo changu cha kukuzia, nikamwonyesha jinsi ya kukishika. Akaigeuza sarafu, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe kuna ng'ombe! Miaka yote hii nalala na ng'ombe kifuani!"

Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Akatazama tena.

"Ila amekonda huyu. Aliyemchora hakumpa majani."

Baadaye, tukinywa mtori, yeye mwenyewe aliniambia nitafute karatasi na penseli. Aliiweka sarafu mezani bila kuivua uzi, nikaifunika kwa karatasi na kusugua taratibu mpaka picha ikatokea, tundu likiwa wazi pembeni.

Karatasi hiyo nimeibandika kwenye albamu yangu. Wenzangu wakiuliza kwa nini nimeweka karatasi mahali pa sarafu, nawaambia sarafu ina mwenyewe.