Ngoma Nne za Ilolwe

Mwaka Paulina alipohamia Ng'ambo, jua lilikuwa limekasirika hata kuku wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kuiva. Wazee wa Ilolwe walikaa kikao, wakahesabu visima, wakahesabu na midomo, wakaona havilingani. Kaya kumi na moja zikaambiwa zivuke mto wa mchanga, zitembee saa nne kuelekea machweo, zifyeke pori, zilime uwele, na zisisahau zilikotoka. Hilo la mwisho lilisemwa mara tatu.

Paulina alikuwa ameolewa miezi miwili tu. Alibeba jembe, mtungi na kuku mmoja mwenye kiburi. Dada yake Generosa alimsindikiza mpaka ukingoni mwa mto, akalia machozi mengi mpaka mto ule mkavu nao ukashawishika kutiririka. Walikuwa wa tumbo moja, hao wawili. Walijifunza kupiga ngoma pamoja kabla hawajaruhusiwa kuigusa, wakijipiga mapaja nyuma ya zizi, na mama yao akadhani wanaua mbu.

Ng'ambo ikakua. Pori likawa mashamba, kaya kumi na moja zikawa mia na kitu. Lakini ngoma hawakuwa nazo. Ngoma za muheme, zile wanawake wanazobana mapajani na kuzipiga kwa viganja huku wanaume wakirukaruka na kujiona wa maana, zilikuwa nne tu, na zote zilikaa Ilolwe, nyumbani kwa Generosa, ambaye alizirithi kwa bibi yao. Ile kubwa ilikuwa na sauti ya ajabu. Siku moja ilipigwa Ilolwe, na ng'ombe wa kule Kondoa wakagoma kukamuliwa mpaka wimbo uishe.

Basi kila mavuno, harusi zikikaribia, Paulina na wenzake walifunga safari kwenda kuazima. Alasiri wanafika. Generosa anasonga ugali wa uwele, anapika mlenda wenye karanga, halafu dada wale wawili wanalala kwenye ngozi moja wakicheka mpaka mbuzi walalamike. Asubuhi wanawake wanajitwika ngoma kichwani, wanarudi wakiimba. Paulina alizipenda safari hizo kuliko harusi zenyewe. Akimwona kijana wa Ng'ambo kavaa shati jipya, alishamuuliza anaoa lini.

Zamani Ilolwe hawakudai kitu. Baadaye walitaka kibuyu cha asali, na ikaonekana ni adabu. Kisha wanawake sita waende kupalilia shamba la Generosa. Wakaenda. Kisha ikaja amri kwamba ngoma kubwa haiguswi na mkono wa Ng'ambo. Lazima aje mpigaji kutoka Ilolwe, alishwe, apewe na kitanda. Kisha Ng'ambo wasioe mpaka Ilolwe wamalize kuoa. Vikao vyote vilifanyika Ilolwe. Ng'ambo walipata maamuzi tu, kama watu wanaosikia harufu ya nyama ya jirani.

Aliyechoka wa kwanza ni Zipora, jirani yake Paulina, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mnene.

"Mama Sila, sisi ni watu au ni mkia?" alimuuliza Paulina kisimani. "Maana mkia ndio unaopelekwa popote ng'ombe anakotaka."

"Wale ni ndugu zetu, Zipora."

"Ndugu zako wewe. Mimi pale nina shamba la kupalilia tu."

Paulina alicheka, akajitwika ndoo yake. Lakini mwaka mmoja zamu ilimfikia mwenyewe. Mjukuu wake Jenifa, aliyezaliwa Ng'ambo na kulelewa mkononi mwake, alipata mchumba, siku ikapangwa. Generosa akapiga simu. Generosa huongea na simu kana kwamba sauti yake inatakiwa itembee yenyewe kwa miguu.

"Paulina! Harusi ya mtoto itafanyika huku!"

"Shikamoo dada."

"Marahaba! Itafanyika huku, nimesema. Ngoma hazivuki mto tena. Mnazirudisha zimechoka."

"Dada, mtoto kazaliwa huku. Watu wake wako huku."

"Na nyie mmezaliwa wapi? Mmeota kama uyoga?"

Paulina aliibana simu sikioni, akapiga hesabu. Akienda Ilolwe, Jenifa ataolewa uani kwa watu kama mgeni, na Ng'ambo haitaozesha tena mtoto wake nyumbani. Akikataa, je, ile ngozi wanayolalia, atailalia tena?

"Nitakujibu, dada," akasema.

Zipora hakungoja jibu lolote. Kaka yake alikuwa fundi wa kuchonga vinu. Akachonga gogo la ngoma zuri kabisa. Ngozi ya mbuzi ikatafutwa, ikawambwa ikiwa mbichi. Ilihitaji kukaushwa polepole, siku kadhaa kivulini. Lakini Zipora na subira hawajawahi kulala nyumba moja. Mchana wa kuamkia harusi akaisogeza karibu na moto ili ikaze haraka. Ikapasuka kwa kishindo, na huo ukawa wimbo pekee ngoma ile iliowahi kuimba.

Asubuhi ya harusi wageni wakaanza kufika Ng'ambo, na Paulina alikuwa bado hajamjibu dada yake. Ugali unasongwa, wapikaji wanagombana, kila kitu kipo isipokuwa ngoma. Wanaume wakasema bodaboda atumwe Ilolwe, wenyewe waombwe msamaha, sherehe ihamishiwe huko huko. Simu ikaletwa kwa Paulina.

Jenifa alitoka ndani na kanga begani, nywele nusu zimesukwa.

"Bibi, ukipiga hiyo simu mimi nakaa hapa hapa. Mtaolewa nyie huko."

"Mwali haongei hivyo!"

"Ndiyo naongea sasa, kabla sijafunikwa."

Paulina aliitazama simu. Akatazama uani. Pale ukutani yalikuwa yamepangwa madumu ya maji ya wageni, yale ya njano, mengine yamejaa, mengine matupu. Akampa mtu simu. Akavuta kigoda, akachukua dumu tupu, akalibana mapajani, akalipiga kiganja kimoja kulijaribu. Likalia pwaa, kama bata aliyekanyagwa. Wanaume wakacheka. Paulina hakucheka. Akachagua lingine, akaliachia maji kidogo ndani, likatoa sauti nzito. Akaanza.

Zipora akanyakua la kwake. Wanawake wengine wakafuata, tisa, kumi, kila mmoja na dumu lake, na kabla ya wimbo wa pili vumbi la Ng'ambo lilikuwa limepanda juu hata mwewe akakosa njia ya kwenda kwake.

Katikati ya vumbi hilo pikipiki ikasimama. Generosa akateremka, kilemba kimekaa upande, fimbo mkononi. Alikuwa amekuja kuiona aibu kwa macho yake. Akasimama, asisalimie mtu.

"Paulina! Huyo wa tatu anachelewa!"

Wa tatu alikuwa Zipora. "Njoo upige wewe, basi!"

"Mimi? Nipige dumu la maji? Mimi!"

Lakini mkono wake wa kushoto, ule usioshika fimbo, ulikuwa umeanza kulipiga paja taratibu, na ulikuwa haukosei hata pigo moja. Paulina aliuona. Aliona pia jinsi mkono wenyewe ulivyokonda. Aliendelea kupiga, maana angenyanyuka wenzake wangenyamaza, na Jenifa alikuwa ndiyo kwanza anatolewa nje.

Generosa alikaa mpaka mwali akafunuliwa. Akamtemea mate ya baraka kifuani, akakataa chakula. Kabla ya kupanda pikipiki alimwambia mdogo wake, "Basi. Sitawaita tena. Fanyeni mnavyofanya."

Na kweli hakuita. Ng'ambo sasa wana ngoma zao tatu, zilizokaushwa kivulini, Zipora akiwa amefukuzwa karibu na moto. Wanaoana wanapotaka. Hakuna anayepalilia shamba la mtu. Mavuno yalikuja, harusi saba zikapigwa, na Paulina akaziongoza zote. Tena kwa furaha, asikudanganye mtu. Ila kila harusi ilipokaribia, miguu yake ilikuwa inaamka mapema kuliko yeye, ikitafuta njia.

Alfajiri moja akaiachia miguu iende. Akavuka mto bila wenzake na bila kibuyu cha asali, akamkuta Generosa uani anamenya karanga, mlango wa nyumba ya ngoma umefungwa kwa kufuli nyuma yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani anaoa?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo hukufuata ngoma."

"Sikufuata ngoma."

Generosa akamenya karanga tatu bila haraka. "Basi umefuata nini, saa nne zote hizo, na magoti yako hayo?"

"Nimefuata mlenda."

Generosa akasogea upande mmoja wa ngozi aliyokalia, akausukuma ungo wa karanga katikati.

"Menya kwanza," akasema. "Huku kwetu mgeni hali bure."