Kutoka Kairu Hadi Njeru

Harufu ya maziwa ya mbuzi yaliyotoka kukamuliwa hunirudisha Kiambere, kwenye kiwanja cha ndege cha murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambacho mama yangu alikitunza miaka ile bwawa lilipokuwa likijengwa. Kila Jumanne asubuhi ndege ndogo ilimleta daktari kutoka kiwanja kingine cha porini, huko juu upande wa Maua. Ikiruka tu, karani wetu alipata habari kwa redio, akagonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni. Hapo mama alianza kumkamua mbuzi wetu Kairu. Kazi ya mama ilikuwa kuwaondoa mbuzi kiwanjani, wetu na wa majirani, maana wakati wa kiangazi nyasi mbichi zilibaki kandokando ya kiwanja tu. Ukiwafukuza mapema, walirudi kabla hujafuta jasho. Ukichelewa, Mungu atusamehe.

Mama hakuwa na saa. Tena kwetu Mbeere mbuzi hawahesabiwi, ni kuwaitia balaa, hutajwa majina. Basi safari ile aliipima kwa majina: Kairu kwanza, kisha Kanyoni msumbufu, ambaye mimi, msichana wa miaka tisa, nilimshika miguu, na wenzao wote mpaka Njeru. Akimaliza Njeru huinuka na fimbo yake, na haukupita muda ndege ikasikika.

Akaja karani mpya, kijana mwenye saa ya kung'aa. Alipiga mstari kwa rula kwenye ramani, kutoka kiwanja hadi kiwanja, akacheka.

“Mama, hii ni dakika ishirini pekee. Mimi nataka dakika, sio mbuzi. Jumanne tutafuata saa yangu, na ikipatia, hii kazi nitapea mtu mwingine.”

“Ni sawa,” mama akasema. “Lakini hiyo laini yako imepita juu ya mlima ni kama mlima haiko.”

Jumanne ikafika. Reli ilipolia, karani aliamuru mbuzi waondolewe mara moja. Dakika ishirini zikaisha, mbingu kimya. Alingoja kidogo, akaamua ndege imerudi ilikotoka, akapuliza filimbi mbuzi waachiliwe. Mama alikuwa bado anakamua, hakumwangalia. Alipomwachia Njeru, mama aliruka, akapiga ukelele, nasi watoto tukamfuata mbio tukiwaswaga mbuzi. Wa mwisho alitoka ndege ikiwa inashuka. Rubani alieleza kwamba asubuhi wingu hulala juu ya Nyambene, hivyo lazima auzunguke mlima kwanza. Karani alikunja ramani yake. Jumanne iliyofuata alimuuliza mama, kwa adabu, “Tumefika kwa nani sasa?” Nilijivuna hadi nikawachosha wenzangu shuleni.

Siku hizi mimi ni muuguzi, na simu yangu hunitajia umbali na dakika kabla sijafunga mkanda. Mwaka jana nilipanda ndege ndogo kutoka kiwanja kile cha Maua kuja kwetu. Magurudumu yalipoachana na ardhi, nilizima simu, nikaanza kukamua kimoyomoyo, bila haraka, jina baada ya jina.

Mama, mkongojo mkononi, alikuwa amesimama ukingoni mwa kiwanja. Hakunisalimu kwanza.

“Mmefika kwa nani?”

“Njeru, maitu, mama yangu. Nilikuwa tu nimemwachilia.”

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua, ndipo akanikumbatia.