Mwanajeshi wa Geti la Muaither

Gerishon alipata kuwa mwanajeshi kwa muda wa dakika nne. Ndio muda aliotumia kijana wa wakala, kwenye ofisi moja ya ghorofani Nairobi, kupiga taipu maneno "miaka sita jeshini" chini ya jina lake.

"Lakini mimi ni soja wa geti," Gerishon alisema.

"Mzee, huko Ghuba wanapenda watu wa jeshi," kijana akamjibu bila kuinua macho. "Ama unataka niandike ulikuwa unafungulia watu geti Kileleshwa?"

Ukweli ndio huo hasa. Gerishon, mwana wa Vihiga, mume wa Hannah na baba wa wasichana watatu, alikuwa amekaa getini miaka kumi na tano. Silaha zake zilikuwa rungu, tochi na kitabu cha wageni. Rungu hakuwahi kulitumia, na tochi haikuwa na betri kila wakati. Kitabu ndicho alichokijua. Hata padri akija kubariki nyumba, kwanza aandike jina, namba ya simu, anakwenda kwa nani na saa aliyoingia, ndipo aende na baraka zake.

Basi kampuni ya ulinzi ikamleta Doha kwa sifa za kijeshi, na ilipomfikisha ikampa nini? Ikampa geti. Geti la nyumba za kupanga kule Muaither, kibanda cha bati chenye kiyoyozi kilichokufa kabla yeye hajafika, na kiti kimoja cha plastiki. Miaka minne alikaa hapo, akiwanyanyulia watu kizuizi na kuwaomba bataka, maana ndivyo kitambulisho kinavyoitwa huko, na neno hilo alilisema mpaka likawa linamtoka hata akiwa usingizini.

Agosti iliyopita alianguka. Siku hiyo joto lilifika nyuzi arobaini na saba, na dereva wa basi la shule ndiye aliyemwona amelala kando ya kizuizi, akadhani anaswali, kisha akakumbuka kwamba Gerishon ni Mkristo. Daktari wa kliniki alisoma vipimo na kutikisa kichwa. Figo. Akamwambia wazi kwamba kiangazi kingine nje kama kile, atarudi kwao akiwa ndani ya sanduku.

Gerishon alimwambia msimamizi kwamba alikula samaki aliyeharibika. Mlinzi mgonjwa hukatiwa tiketi ya kurudi kwao upesi kuliko mtalii, na huko nyumbani hakuna geti lililokuwa likimsubiri. Aliyejua ni Zuleikha peke yake, mlinzi mwenzake mwenyeji wa Tanga, aliyekaa upande wa bwawa la kuogelea la wanawake. Huyo aliviona vidonge, akauliza, akaambiwa, akanyamaza. Tangu hapo Gerishon alihesabu miezi. Mei, Juni, Julai. Aliogopa, na sioni sababu ya kumfichia.

Mwezi wa nne likabandikwa tangazo kambini walikolala walinzi, kwenye mlango wa ukumbi wa chakula: Mafunzo ya Mbinu za Silaha kwa Utayari wa Dharura. Siku tatu. Wamechaguliwa kumi na wawili wenye historia ya jeshi au polisi, na watakaofaulu watapelekwa kwenye mnara mmoja wa ofisi kule West Bay. Ndani. Gerishon aliwahi kuingia kwenye mnara huo mara moja kupeleka funguo, na ubaridi wa mle ukamfanya atamani sweta. Sweta, Doha! Alilisoma tangazo mara tatu, na jina lake lilikuwa la tano.

La sita lilikuwa la Zuleikha. Karatasi zake zilisema miaka minane ya upolisi. Mama wa watu alikuwa akiuza vitumbua nje ya kituo cha polisi Tanga, na nadhani wakala wake aliona umbali huo ni mdogo, hauna haja ya kutajwa.

"Shikamoo, afande," alimwambia Gerishon walipokutana mlangoni.

"Marahaba, konstebo," Gerishon akajibu, na wote wawili wakatazama pembeni.

Mwalimu wao aliitwa Eugene, Mganda mwenye suruali ya mifuko kumi na minne na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya ukumbi. Mifuko yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja wa njugu. Kila sentensi yake ilianzia Baghdad.

"Mimi nilikuwa Baghdad, ssebo. Kule ukilala jicho moja, lile lingine wanakuja kulichukua. Nyinyi watu mnafikiri ulinzi ni kukaa?"

Akafungua sanduku na kugawa silaha. Zilikuwa bastola za mpira, za rangi ya buluu, nyepesi kama ndala. Moja ilikuwa imepinda mtutu, ukilenga mlango unampata jirani yako. Zuleikha aliigeuza yake huku na huku akauliza risasi ziko wapi.

"Risasi ni mdomo," Eugene akasema.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka. Akaeleza. Bastola ni "pa". Bunduki kubwa ni "tatatata". Ukishapiga pa kumi na tano, lazima useme "klak-klak", yaani umejaza risasi, ndipo uendelee, na ukisahau, wewe ni maiti, ulale chini. Maksi zitatolewa kwa shabaha na kwa sauti.

Zuleikha akainua mkono tena. "Mwalimu, samahani. Nchi hii bunduki ni za polisi na jeshi. Sisi tunapewa redio na tochi. Hii tunajifunzia nini?"

Eugene alifikiri. "Dharura ikija," akasema, "unaweza kuokota."

Basi watu wazima kumi na wawili, baba na mama za watu, wakasimama kati ya meza za chakula wakipiga kelele pa, pa, pa, huku mpishi akiwachungulia na mwiko mkononi. Bingwa alikuwa Kiprop, kijana wa Kapsabet aliyewahi kuongoza kwaya. Pa yake ilitetemesha sufuria. Pa ya Gerishon ikatoka kama ya mtu anayetema mwiba wa samaki, na Eugene akamwandikia maksi nne kati ya ishirini.

"Miaka sita jeshini, na unapiga hivyo?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Sisi tulikuwa kikosi cha kimya," Gerishon akasema. Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishauzaa lazima uulishe.

Siku ya pili walijifunza kubingirika. Gerishon alibingirika chini ya meza tatu akaibuka na wali wa jana kwenye nywele. Wakajifunza ishara za mkono: ngumi ni simama, vidole viwili ni angalia, kiganja ni tawanyika. Mchana alikuwa amezisahau zote, na usiku hakupata usingizi kwa kuwaza Juni.

Mtihani ulifanyika Ijumaa asubuhi, mnarani kwenyewe, ofisi zikiwa zimefungwa. Mudiri wa jengo, mzee mnene wa Kisudani aliyevaa suti, aliketi kwenye sofa na kikombe cha kahawa. Kila mmoja angekaa kwenye meza ya mapokezi kwa zamu, wenzake watatu wangeigiza magaidi na kuvamia mlangoni, naye angewamaliza. Eugene alishika fomu yenye safu mbili: risasi zilizopigwa, maadui waliokufa.

Kiprop alitangulia, akaua watatu na mtunza bustani aliyekuwa akipita. Maksi tisini.

Zamu ya Gerishon ikafika. Alikaa nyuma ya meza ya marumaru, bastola ya mpira ikiwa mapajani, na ule ubaridi mtamu ukampanda kutoka miguuni. Nikishindwa hapa, aliwaza, nakwenda kufa kule nje. Wazo hilo lilikuja peke yake likajaa kichwa kizima, ikawa hakuna nafasi ya pa wala klak-klak.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Zuleikha alikuwa mbele, Kiprop nyuma yake, na wa tatu Kioko, Mkamba mmoja mpole aliyeombwa akunje uso. Wote walikuwa wameelekeza silaha na kupiga mayowe. Gerishon alishtuka. Na mtu akishtuka, siku tatu za mafunzo haziwezi kushindana na miaka kumi na tisa ya geti. Alisimama, akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Bataka. Unakwenda kwa nani?"

Zuleikha akasimama. Na yeye alikuwa na miaka saba ya kuombwa bataka kila mlango wa mji ule, dukani, kambini, hospitalini. Akaibana bastola kwapani, akaanza kuitafuta bataka mfukoni. Kiprop na Kioko, bila kuambiwa, wakapanga foleni nyuma yake.

"Andika hapa," Gerishon akasema, akimsogezea kitabu cha wageni. "Jina, simu, ghorofa, sababu ya safari. Mzigo huingii nao. Weka hapa, chukua namba."

"Buda, niazime kalamu," Kiprop akamwambia Kioko.

Ndani ya dakika mbili bastola tatu zilikuwa zimepangwa mezani, na magaidi watatu wamesimama na beji za wageni shingoni, wakingoja kuonyeshwa lifti. Zuleikha alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: ghorofa ya tisa, sababu ya safari, kuvamia. Mazoea yana taabu.

"Banange!" Eugene alipiga ukelele, na kwa mara ya kwanza miwani ikamtoka. "Unaandikisha magaidi? Maiti ziko wapi? Risasi sifuri, maadui sifuri! Wewe hujawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja!"

Njia ya mwongo ni fupi, na Gerishon aliona yake imeishia pale, kwenye marumaru.

Mudiri aliweka kikombe chini. Akaja taratibu mpaka mezani, akachukua kitabu, akasoma mistari mitatu, akatazama silaha, akatazama beji. Kisha akaanza kupiga makofi.

"Nina walinzi kumi na watano," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza alichokipata alipofanya biashara Mombasa. "Wote wanapunga mkono tu. Mtu akiingia na ngamia, wanapunga mkono. Huyu amechukua silaha zote, hakuna damu. Zein! Mia kwa mia! Nani amemfundisha hivi?"

Eugene aliivaa miwani yake. "Mimi, mudiri," akasema. "Tunaiita kuvuruga adui kwa makaratasi. Baghdad tuliitumia sana."

Akachukua fomu, akafuta sifuri, akaandika tisini na nane. Mbili alizipunguza kwa ajili ya sauti.

Walipomaliza wote, vyeti vikagawiwa pale pale. Gerishon aliitwa wa kwanza, Mshika Silaha Bora, na mudiri akamshika bega mbele ya watu. Gerishon alikuwa ameshaichagua hata meza atakayokaa, ile ya karibu na tundu la kiyoyozi. Angemwambia Hannah jioni ile ile.

"Mtu kama huyu," mudiri akasema, "kumweka ndani ni hasara. Ndani adui ameshafika. Huyu nitamweka nje, kwenye kizuizi cha magari, barabarani. Awasimamishe huko huko mbali. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Wengine wote wataingia ndani."

Makofi yakapigwa. Gerishon alitazama kupitia kioo. Kizuizi kilionekana pale chini ya jua, hakina kibanda, hakina hata kile cha bati. Alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

"Mudiri," akasema. "Nje siwezi. Jua litaniua."

Mudiri akaangua kicheko. "Mwanajeshi wa miaka sita! Jua ni nini kwa mwanajeshi?"

Hapo ndipo Gerishon alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wakubwa tangu ashuke kwenye ndege. Alikunja cheti, akakiweka mezani, akasema ukweli.

"Mimi sijawahi kuwa mwanajeshi. Wakala aliandika tu. Mimi ni soja wa geti, na figo zangu zinaumwa."

Mudiri aliacha kutabasamu. Aliwageukia wale wengine kumi na mmoja waliopanga mstari na vyeti vyao, akawapitia mmoja mmoja kama mtu anayehesabu sarafu anazoanza kuzitilia shaka. Kisha akamtazama Eugene.

"Anasema kweli?"

Eugene aliipitia akilini miaka yake ya Baghdad, yote iliyokuwa kwenye karatasi, na sijui ilichukua dakika ngapi kupigwa taipu.

"Anatania, mudiri," akasema, akicheka. "Hawa wanajeshi wa zamani wana utani sana."

Kiprop akacheka. Kioko akacheka. Kicheko kikashika mstari mzima, mtu baada ya mtu, maana karatasi moja ikichanwa zitachanwa zote. Hata mudiri akatulia, akacheka naye, akamrudishia Gerishon cheti chake mkononi. Gerishon alimtafuta Zuleikha kwa macho. Zuleikha alikuwa ameinamisha kichwa, anafikicha kona ya cheti chake. Alicheka wa mwisho, na alicheka kwa sauti kuliko wote.