Nilivyofasiri Damu ya Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kanyenye, mwembamba, mwingi wa utani. Mwaka ule tumbo likaanza kumtoka upande wa kushoto. Wateja wakamchokoza: "Fundi, una mimba?" Naye akajibu, "Ya miezi saba, leteni nepi." Mama hakucheka. Ugonjwa wa bandama wa watoto wenye malaria aliujua, lakini huu wa mtu mzima kukonda huku tumbo likikua ulimtisha.

Na kaka alikuwa mchumba wa watu. Alimsubiri binti mmoja miaka mitatu, posa ikakubaliwa, harusi ikapangwa baada ya mfungo. Sijaona mwanamume mwingine aliyempenda mtu namna ile.

Hospitali, daktari Mzungu alimtoboa mfupa wa nyonga, akavuta uboho, akaupeleka kwao kwa ndege. Ni saratani ya damu, alisema, lakini ziko za namna nyingi, na kipimo hicho ndicho kitakachosema hii ni ipi. Tukangoja wiki saba.

Siku ya majibu muuguzi aliyekuwa akimfasiria daktari hakuwapo. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, naye alipelekwa huko kuchanja watoto. Kiswahili cha daktari kiliishia kwenye "habari gani". Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi Itetemia. Kiingereza ninacho, kimbelembele ninacho pia. Nikasema nitafasiri mimi.

Daktari alichora nyuzi kwenye karatasi, mbili mbili. Akaonyesha mmoja mfupi, ambao mkia wake umekatika ukaenda kujiunga na uzi mwingine. Kromosomu, akasema. Lo, nilivyofurahi! Neno hilo nililisoma sekondari. Nikawageukia mama na kaka, nikasema kwa sauti ya darasani: "Ni nyuzi za urithi. Urithi wake una kasoro."

Daktari akaendelea: namna hii ndiyo inayokubali vidonge. Haitapona, lakini uvimbe utanywea na mgonjwa atapata miaka kadhaa, hata kuoa anaweza kuoa. Nikayafasiri yote. Hakuna aliyenisikia tena.

"Urithi wa nani?" mama alifoka. "Babu yenu alikuwa mpagazi, kashuka pwani na kupanda na mzigo begani, hajaugua hata siku moja! Mimi sikuolewa kwenye ukoo wa maradhi!"

Kwetu, kabla posa haijajibiwa, wazee wa binti huuliza ukoo. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Walikuwa wameuliza, nasi tulikuwa tumejibu hakuna. Kaka alifunga vifungo vya shati, akatoka.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa baba wa binti, bila mshenga, akasema amejitoa. Damu yake ina kasoro ya urithi, hataki kuwazalia watu wajukuu wagonjwa. Mji mzima ulisifu uungwana wake. Haukupita mwezi, binti akaposwa na mtu wa Urambo.

Muuguzi aliporudi, nilimweleza. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha.

"Nani kakwambia ni wa kurithi? Uzi umekatikia humohumo kwenye uboho wake, ukubwani. Hakuzaliwa nao, na mtoto wake hataupata. Wewe daktari ulimwuliza?"

Sikumwuliza. Zilibaki siku nne binti aolewe. Nilitembea mbiombio hadi Kanyenye, nikamkuta kaka anashona, vidonge vimeanza kazi, tumbo limepungua. "Karibu, mwalimu," akasema. Nikakaa. Nikaomba maji. Nikazungumzia shule. Baadaye nilijiambia sikutaka kumtonesha kidonda. Uongo mtupu. Niliona haya, na niliogopa atakavyonitazama. Ijumaa binti akaolewa.

Kaka aliishi miaka sita, peke yake. Binti yule alipokuja kuwasalimia wazazi wake, watoto wake walipita barazani kwa kaka na kumwamkia shikamoo, naye akawapa vipande vya vitambaa vya kuchezea. Kisha vidonge vikakataa.

Nilimwuguza mimi. Siku moja baada ya uji alinishika mkono.

"Mwalimu, ahsante. Wewe ndiye uliyeniambia ukweli. Ungenificha, ningekufa nimemdhulumu mtoto wa watu."

Nikamwambia, "Usijali, kaka."