Wanu Piya

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na asubuhi zetu, Awa alichemsha muhogo, akanipa kipande kikubwa, chake akakifunga kwenye leso. Chai hakugusa.

"Kunywa, mke wangu, jua kali."

"Kunywa wewe usiye na kazi."

Tukacheka. Akatoka kutafuta chapa, basi dogo la kumpeleka kazini.

Mke wangu alikuwa akifua mashuka kwenye kambi moja ya wafanyakazi, nje ya Palma. Kwetu ni Mucojo. Vita ndivyo vilivyotuleta huku. Wenzake wa kufua wote ni wa Palma, wanasema Kiswahili. Ulimi wa Awa ulibaki Kimwani. Kusema "watu wote", yeye husema wanu piya.

Ofisi ya kambi ilitaka kujua wafanyakazi wana shida gani. Asiyejua kuandika aliongea kwenye simu, ikamrekodi. Msichana wa ofisi, Arlete, alimwambia, "Sema tu, mama. Jina hatuandiki, hakuna atakayejua." Awa alifurahi. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumuuliza neno.

Basi akasema. Choo cha wanawake hakina mlango, wanashikiana leso, na wanaume wa stoo wanapita hapo hapo. Yeye, mtu mzima, hanywi kitu mpaka arudi nyumbani. Na siku moja mkojo ulimtoka amebeba mashuka, adhuhuri ile hakusali. "Wanu piya wanatuona," alisema.

Ya mkojo hata mimi hakuniambia. Niliyasikia siku ile ya muhogo kwa Zena, mwenzake wa kazi, aliyemrudisha nyumbani jua bado halijasimama.

Mkuu wao, Abílio, aliwakusanya wote, wanaume kwa wanawake, akawasomea majibu. Ofisi ilikuwa imeyaandika neno kwa neno. Jina hakuna. Alipofika penye maneno ya Awa, akasoma neno la Kimwani kama lilivyo: wanu piya.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Walimgeukia Awa.

"E, Mama Wanu Piya!" akaita mmoja wa stoo. "Leo umekunywa maji?"

Kicheko. Awa akajifunika uso kwa shuka alilokuwa nalo mkononi, shuka chafu la kambi.

Nilimchotea maji akaoga. Akaomba mengine, akaoga tena.

Kazini hakurudi. Kisimani pia aliacha kwenda, maana jina lile lilishafika mtaani. Dukani waliniita Bwana Wanu Piya. Niliinamisha kichwa, nikachukua chumvi yangu, nikaondoka.

Mlango wa choo ukawekwa. Zena alikuja kutuambia: wa bati, una komeo.

"Alhamdulillahi," Awa akasema. "Mtajisitiri."

Mvua zilipoanza, homa ikamchukua. Sisemi haya ndiyo yaliyomuua. Lakini tangu siku ile hakutoka uani mchana, mpaka tulipomtoa sisi, amefunikwa.

Arlete alikuja mara moja, kabla ya homa, kwa pikipiki. Awa alimtandikia mkeka. Msichana alikuwa analia.

"Rudi kazini, mama. Wallahi jina lako sikulitaja popote. Muulize yeyote."

Awa hakuwa na hasira. Ila hakumtazama. Alikuwa akikunjua pembe ya mkeka iliyojikunja, anailaza, inajikunja.

"Niliongea na wewe, mwanangu," alisema. "Na wao sikuongea nao."