Siku Niliyomkatalia Mjomba Bomba la Moshi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya inang'ata masikio, nimesimama mbele ya bomba jipya la moshi na mjomba wangu anasubiri niseme neno moja tu: tayari.

Mwanangu, ulikuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Moshi wake, kabla ya kutoka nje, ulioshwa kwenye mnara kwa maji ya chokaa ili watu wa jirani wasivute sumu. Shida ni kwamba moshi ukilowa unakuwa na asidi, na asidi inakula chuma. Bomba la zamani lilikuwa limetoboka kama chujio la chai. Mimi, binti niliyejifunza Iringa kutengeneza matangi ya maji ya faibaglasi, nililetwa kujenga jingine: nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa na gundi tunayoiita rezini. Asidi haiiwezi rezini, ila mpaka ikomae kwanza, iwe ngumu hadi ndani. Na kwenye baridi hukomaa polepole, hata ukiinunia.

Aliyeniombea kazi ile ni mjomba mwenyewe, msimamizi wa zamu. Alishawaahidi wakubwa kwamba mtambo utawaka siku hiyo.

"Tusekile, limekauka hili. Gusa uone!"

Nikachovya kitambaa kwenye asitoni, maji makali yanayoyeyusha rezini isiyokomaa, nikasugua bomba. Kikanata.

"Bado bichi, mjomba."

"Nimekuleta hapa mimi! Unataka niumbuke mbele za watu?"

Niliogopa, sikufichi. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nikamwambia kwa sauti ya chini: "Anayepita chini ya bomba hili kila zamu ni wewe. Likiachia, asidi itakumwagikia wewe. Nakuheshimu, mjomba, ila sitasema limekomaa."

Akaninyang'anya kitambaa, akasugua mwenyewe. Kikanata. Akaenda ofisini kwa hasira kuwaambia wakubwa kwamba mtambo hauwaki. Tulifunika bomba kwa maturubai, tukalipuliza hewa ya moto, na kesho yake jioni kitambaa kikateleza. Mjomba alistaafu na ngozi yake nzima. Hadi leo akinipigia simu anaanza na "Ndaga, mwipwa," yaani asante, mpwa wangu, na mimi hujivuna peke yangu jikoni.

Basi sikiliza, mwanangu. Watakaokubana zaidi kazini ni wale unaowapenda. Waamkie, wasikilize, wapelekee chai. Lakini kazi ikiwa bado, sema bado, bila ukali na bila kujikunyata. Afadhali mjomba akukasirikie akiwa mzima.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usiotetemeka, na kila atakayepita chini ya kazi yako afike nyumbani kwake salama.